Pacha wa Spika Namba Kumi na Moja

Fomu ilikuwa imejazwa yote isipokuwa mstari wa mwisho, na mstari huo ulikuwa wangu. Uliandikwa "Mpimaji", kisha nukta nyingi za kutilia saini. Juu yake, kwa mwandiko wa Mhandisi unaolala upande kama mtu mwenye haraka, palisomeka: "Chanzo cha hitilafu: koili zimesukwa pungufu."

Koili zote za karakana yetu, yaani waya unaozungushwa ndani ya kila spika, husukwa na mtu mmoja. Mtu huyo ni shangazi yangu.

"Weka tu hapo," alisema Mhandisi, akiilaza kalamu mezani kwangu taratibu, kama anayemwekea mgonjwa kijiko cha dawa. "Ijumaa asubuhi tajiri anakaa na sisi. Nataka karatasi ziwe zimekamilika."

"Na shangazi?"

"Ijumaa jioni atapewa barua yake ya kupumzishwa. Kwa heshima. Hata keki tutakata."

Ilikuwa Jumanne. Mimi si mtu wa mabishano. Chuoni nilimaliza miaka mitatu bila kunyoosha mkono darasani, na hapa kazini wananiita Bi Kimya, jina nililopewa wiki ya kwanza na Gundi, fundi wa kugundisha koni, ile karatasi ya spika inayotetemeka. Mtu akinikanyaga mguu, mimi ndiye ninayeomba radhi. Lakini siku ile niliichukua ile kalamu, nikaivalisha kifuniko chake, nikamrudishia.

"Bado sijapima," nikasema.

"Umepima jana. Mchoro nimeuona."

"Nimepima spika. Sababu sijaipima."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kabati likiongea. Kisha akacheka kidogo, akaiacha fomu palepale, akaondoka na kalamu yake.

Spika zenyewe zilikuwa arobaini. Ni zile za kufungwa darini kwenye kumbi za shule, zenye bakuli la chuma lililozibwa nyuma ili vumbi lisiingie. Mteja alizirudisha zote kwa maneno matatu: sauti ya bati. Sauti haikuwa na kina chochote. Mwalimu mkuu akisema "kaeni chini," inasikika kama kijiko kinaanguka. Na kwa kuwa madai hayakuwa yamekwisha, mteja alizipiga lakiri nyuma. Tuliruhusiwa kutoa wavu wa mbele tu. Kuzipasua ilikuwa mwiko. Aina ile tulikuwa tumetengeneza arobaini tu, na baada yake karakana ilihamia kwenye honi, zile spika za mdomo wa tarumbeta, ambazo hazina koni ya kugundisha. Kwetu ilibaki moja peke yake, spika ya mfano, iliyoundwa mwanzo kabisa ili mteja aisikie na kukubali. Hiyo ilikuwa nzima.

Zilipofika Jumatatu, Mhandisi alikwishahukumu mbele ya watu wote, kikombe cha chai mkononi. "Tusioneane haya, jamani. Macho ya shangazi yamechoka. Miaka kumi na tisa si mchezo." Watu waliangalia vikombe vyao. Shangazi alikuwepo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake la kazi, akaivaa tena, akarudi kwenye mashine yake.

Lazima nieleze kidogo habari za shangazi. Ni dada wa baba, na ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa. Kuhesabu nilijifunza kwake, kwa mizunguko ya waya. Anapoanza kusuka koili, hasalimiwi. Karakana nzima inajua. Ukifika mlangoni kwake unasubiri mpaka anyanyue kidole cha shahada, ishara kwamba amefika mia na ameshaweka kijiti mezani cha kumkumbusha. Hapo ndipo unasema shikamoo, na hapo ndipo anapokuona. Siku moja tajiri mwenyewe alisimama mlangoni dakika nzima, kofia mkononi, akisubiri kidole. Mtu wa namna hiyo hakosei hesabu mara arobaini mfululizo.

Lakini "hakosei" si kipimo. Nililijua hilo.

Kazi yangu ni hii. Naipa spika umeme mdogo, kuanzia mtetemo mzito wa chini hadi mwembamba wa juu, na kila hatua napima spika inaubana umeme huo kiasi gani. Namba zote nazichora. Mchoro wa spika ya aina ile unafanana na ardhi tambarare yenye kilima kimoja. Kilima kinasimama pale spika inapopenda kutetemeka yenyewe, na hapo ndipo inapoubana umeme kuliko pengine popote. Kwenye spika ya mfano, kilima kilisimama kwenye themanini na tano, yaani mitetemo themanini na tano kwa sekunde. Kwenye zile arobaini kilikuwa kimehamia mia na kumi na nane.

Mhandisi alisema koili yenye mizunguko pungufu ni nyepesi, na kitu chepesi hutetemeka haraka. Nikamuuliza mbona ukinzani wa waya uko vilevile nikipima kwa mita. Akajibu papo hapo: "Ametumia waya mwembamba zaidi. Mizunguko michache ya waya mwembamba, ukinzani unabaki uleule." Si mjinga, Mhandisi. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne mchana nikaanza kutengeneza pacha.

Pacha ni saketi. Haina koni, haina sumaku, haitoi sauti hata ukiitukana. Ni ubao mdogo wenye rezista, koili na kapasita, lakini ukiipima kama unavyopima spika, inaubana umeme kama spika yenyewe, kilima kwa kilima. Chuoni niliipenda kuliko kitu chochote. Kila kipande ndani ya pacha kinasimama badala ya kitu ndani ya spika: kapasita inasimama badala ya uzito wa koni na koili yake, koili ya pacha inasimama badala ya ulaini wa vitambaa vinavyoishika koni, rezista inasimama badala ya msuguano. Ukijua pacha ameumbwaje, umejua spika ikoje tumboni, na hujagusa lakiri ya mtu.

Pacha wa spika ya mfano nilimpata siku hiyohiyo. Jumatano asubuhi nikachukua spika namba kumi na moja, kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa juu kwenye boksi lililo karibu, nikaanza kuitafutia pacha wake.

Kilima cha themanini na tano kinaweza kusukumwa hadi mia na kumi na nane kwa njia mbili. Unapunguza kapasita, maana yake spika imekuwa nyepesi. Au unapunguza koili ya pacha, maana yake spika imekuwa ngumu. Njia ya kwanza ni ya Mhandisi. Nilianza nayo, kwa sababu nilikuwa naiogopa.

Nikaweka kapasita nusu. Kilima kikaenda mahali pake, mia na kumi na nane kamili. Nilikaa nikitazama ule mchoro mpaka nilipoona kitu. Kilele kilikuwa sawa, lakini kilima chenyewe kilikuwa kipana mno. Cha namba kumi na moja kilikuwa chembamba. Nikaiweka karatasi moja juu ya nyingine, nikaziinua dirishani kwenye mwanga. Vilima havikulingana. Vilikutana kileleni tu, kama watu wawili waliovaa kofia moja.

"Unatazama picha za mlima?" Gundi alikuwa amesimama nyuma yangu, mkubwa kama mlango, vidole vyake vimevaa ngozi ya gundi iliyokauka.

"Kimoja ni kipana," nikasema.

"Kama tumbo langu."

"Ndiyo."

"Ah! Ulitakiwa ukatae, Bi Kimya. Heshima iko wapi?"

Nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Kisha nikaenda kwa shangazi kumwomba koili ya kujaribia njia ya pili, maana koili nusu sikuwa nayo kabatini. Nilisimama mlangoni, nikasubiri kidole.

"Shikamoo."

"Marahaba. Unataka nini na uso huo?"

Nikamweleza. Sikutumia namba, nilimwambia kuhusu kitanda. Mtu akirukaruka kitandani upesi upesi, huenda ni mtoto mwepesi, au huenda ni mtu mzima na springi zimekaza. Ukisikiliza ukiwa chumba cha pili huwezi kujua kwa haraka. Nataka kujua ni mtoto au ni springi.

"Na koili hii itasema?"

"Itasema ikiwa imesukwa sawasawa kabisa. Mizunguko ikizidi au kupungua, nitabaki palepale."

Alinitazama juu ya miwani. "Kwa hiyo wanasema siwezi kuhesabu, na wewe umekuja kwangu nikuhesabie."

"Nani mwingine?"

Akavuta rola la waya mnene. "Ngapi?"

"Mia tano na themanini."

"Toka. Unanizibia mwanga."

Vijiti vitano vikapangwa mezani, kimoja kimoja. Baada ya hapo akahesabu themanini kwa sauti ya chini, akakata waya, akanirushia koili bado ina joto la mikono yake. Niliifunga kwenye ubao, na kapasita ya pacha wa spika ya mfano nikairudisha nzima, bila kuipunguza. Nikapima. Nikachora. Nikaziinua karatasi mbili dirishani.

Niliona mstari mmoja. Nilizihamisha kidogo ili nihakikishe bado nimeshika karatasi mbili.

Uzito haukuwa umebadilika hata chembe. Koili za shangazi zilikuwa vilevile kama siku zote. Kilichobadilika ni kimoja: spika ilikuwa imekuwa ngumu karibu mara mbili. Kuna kitu ndani kilikuwa kimekamata.

Furaha yangu ilidumu muda wa kukunja karatasi. Kwa sababu swali lililofuata lilikuwa jepesi, na jibu lake nililijua kabla sijamaliza kujiuliza.

Ndani ya spika, nyuma ya koni, kuna kitambaa chenye mikunjo kinachoishika shingo ya koili isiyumbe. Juu yake kidogo ndipo Gundi anapozungushia gundi. Na tangu karakana ianze, ilikuwa desturi kwamba gundi ikishazungushwa, spika hupinduliwa na kulazwa kifudifudi mpaka ikauke. Hakuna aliyejua kwa nini. Ndivyo walivyokuta. Kazi ya zile arobaini ilipokuja na haraka zake, spika ya mfano ikiwa imeshakauka kifudifudi, kuna mtu aliuliza: mbona tunapoteza muda kupindua? Sumaku ni bapa, spika zinasimama vizuri zenyewe chali. Tuziache. Gundi alipiga makofi. Mhandisi akaandika utaratibu mpya siku hiyohiyo, akaweka jina lake chini, na tajiri akamsifu mbele yetu.

Aliyeuliza ni mimi. Lilikuwa wazo langu la kwanza kulisema kwa sauti tangu niajiriwe. Nilikuwa na furaha hata nikashindwa kula.

Shangazi peke yake ndiye aliyesema, "Waliopindua hawakuwa wajinga." Hakuna aliyemsikiliza. Nami sikumsikiliza.

Spika ikilala chali, gundi iliyozidi haina pa kwenda ila chini, shingoni, mpaka kwenye kile kitambaa. Inakauka bila rangi. Hata ungechungulia usingeona kitu.

Alhamisi nilimweleza Mhandisi kwanza, ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Nilidhani ndiyo adabu. Alizipokea karatasi, akazilinganisha. Aliponyanyua uso nilijua kwamba ameelewa kila kitu, na kwamba haitasaidia.

"Kazi nzuri," akasema. "Sasa sikiliza, mdogo wangu. Kwenye ule utaratibu mpya jina lako halipo. Lipo langu. Lakini tajiri akiuliza wazo lilitoka wapi, mimi sitasema uongo. Tutaanguka wote wawili, wewe ukiwa na mwaka mmoja tu hapa. Shangazi yako amebakiza miaka miwili apumzike. Apumzike sasa, kuna ubaya gani? Wewe ubaki, upande cheo. Hata yeye angependa hivyo."

"Angependa?"

"Mzazi gani asingependa?"

Akafungua mtoto wa meza, akatoa nakala nyingine ya ile fomu. Alikuwa nayo tayari.

Sauti yangu ilipotoka ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. "Mhandisi, hii siisaini. Leo siisaini, kesho siisaini. Ukiniwekea kila asubuhi pamoja na chai, kila asubuhi utaikuta vilevile."

"Nitaweka mpimaji mwingine."

"Atapima namba zilezile."

Nikatoka.

Jioni, jikoni kwetu, shangazi alikuwa anachambua mchele. Nilimwambia yote, pamoja na lile la kupindua, na niliposema "ni mimi" nikaanza kulia. Hakuacha kuchambua.

"Nilijua ni wewe. Nilikuwepo," akasema. "Unafikiri nimesahau? Ulikuwa umevaa ile blauzi ya njano."

"Basi kwa nini hukusema Jumatatu?"

"Niseme nini? Sikujua kama gundi ndiyo yenye kosa. Nilijua tu kwamba hesabu yangu haina kosa." Akatupa kijiwe kwenye sinki. "Sasa wewe umejua. Kesho useme. Ila usiseme kwa ile sauti yako ya kumwomba paka apishe mlangoni. Watadhani unatania."

"Wakinifukuza?"

"Utakuja kunishikia vijiti nikihesabu. Futa pua, mchele huu unakusubiri uoshe."

Ijumaa tajiri alikuja saa tatu. Ni mtu mfupi mwenye subira fupi zaidi, aliyeanza na meza moja ya kutengenezea redio na bado hupenda kushika vitu badala ya kusomewa. Tulisimama kuizunguka meza yangu ya vipimo: yeye, Mhandisi, Gundi, shangazi na mimi. Fomu ilikuwa katikati, mstari wa mwisho mtupu.

"Mbona haijasainiwa?" tajiri akauliza.

"Binti ana wasiwasi kidogo," Mhandisi akasema. "Ni shangazi yake. Damu nzito kuliko maji."

"Sina wasiwasi," nikasema. Kila mtu akageuka, hata mimi nusura nigeuke kuona ni nani. "Koili hazina kosa. Nitaonyesha sasa hivi, na msomaji awe wewe mwenyewe, tajiri. Mimi sitagusa mita."

Nilikuwa na sarafu mbili, gramu tatu kila moja, nilizopima kwenye mizani ya Gundi. Nikazibandika katikati ya koni ya spika ya mfano. Tajiri mwenyewe akazungusha kitasa cha kubadilishia mitetemo mpaka sindano ya mita ikapanda juu kabisa. Akasoma: kutoka themanini na tano, kilima kimeshuka hadi sitini na tisa.

"Umeongeza mzigo, imekwenda polepole. Hata punda," akasema tajiri.

"Sasa namba kumi na moja iko mia na kumi na nane. Nitaibandika sarafu hizihizi. Mhandisi, kama spika hii imekuwa nyepesi kama unavyosema, itashuka hadi ngapi?"

Nilijua hatadanganya kwenye hesabu. Ni mhandisi. Alitoa kalamu, akaandika nyuma ya ile fomu, akafuta, akaandika tena. Mtoto mwepesi ukimbebesha mzigo, anauhisi sana.

"Themanini na nne," akasema.

"Na kama haijawa nyepesi, ila imekaza?"

Akairudia hesabu yake. Gundi aliacha kutafuna kile alichokuwa anatafuna.

"Tisini na sita."

Niliandika namba mbili ukutani kwa chaki, kubwa: 84 na 96. Nikabandika sarafu, nikarudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni.

Tajiri akazungusha. Sindano ikaanza kupanda. Alipita mia na kumi, mia, akaendelea kushuka taratibu, ulimi ukiwa pembeni mwa mdomo. Sindano ikafika juu, ikasita, ikaanza kurudi. Akarudisha kitasa kidogo. Akavaa miwani. Akaivua.

"Tisini na sita," akasema. "Na nusu, ukitaka kunionea."

Shangazi alisogeza tu miwani yake puani, ile ya macho yaliyochoka.

"Nini kimekaza?" tajiri akauliza.

"Gundi," nikasema.

"Mimi?" akaruka Gundi.

"Gundi yenyewe, si wewe. Imeshuka shingoni ikakamata kitambaa cha ndani."

"Hizo ni dhana," Mhandisi akasema. "Lakiri ya mteja..."

"Mteja nitaongea naye mimi. Pasueni."

Gundi alichukua msumeno wa chuma. Niliionea huruma namba kumi na moja, sitaficha. Siku tatu nilikuwa nimekaa nayo kama mgonjwa wangu, na haikuwa na kosa lolote. Bakuli lilipofunguka, Gundi aliingiza ukucha, akagonga kile kitambaa. Kililia kama kifuniko cha kopo. Akagonga cha spika ya mfano kupitia tundu la nyuma la nyaya, ambalo kwake halikupigwa lakiri. Hakikulia kabisa, kilinesa tu.

Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Arobaini," akasema. "Nimezilaza chali zote arobaini. Kama watalii ufukweni."

"Na nani alisema zisipinduliwe?" tajiri akauliza.

Mhandisi alikuwa anatazama chaki ukutani. Nilihesabu moja, mbili, tatu. Kisha nikanyoosha mkono, kama ambavyo sikuwahi kunyoosha chuoni.

"Wazo lilikuwa langu. Nilidhani kwa kuwa hakuna anayejua sababu, basi sababu haipo. Shangazi alitukataza. Adhabu nipe mimi, naistahili. Lakini ile karatasi siisaini, na barua ya jioni asipewe mtu ambaye hakukosa."

"Utaratibu una jina la nani?" tajiri aliuliza tena, safari hii bila kunitazama mimi.

"Langu," Mhandisi akasema mwishowe.

Tajiri aliichukua ile fomu, akaipasua vipande vinne, akavitia kwenye mfuko wa shati. "Wewe," akaninyooshea kidole, "arobaini mpya utazigundisha kwa mkono wako, na kuzipindua kwa mkono wako, Gundi akikusimamia. Zikikauka, utazipima. Wewe, Mhandisi, ulitaka nimwondoe mtu pekee aliyekwambia usifanye. Ulimtaja mbele ya watu Jumatatu, nimesikia. Kamtaje tena. Mbele ya watu walewale."

Saa ya chai shangazi hakuja kunywa. Alikuwa kwenye mashine yake, waya unapita kati ya vidole, midomo inacheza. Mhandisi akaenda mlangoni kwake, nasi tukasogea nyuma yake na vikombe vyetu. Akasimama. Tukasubiri kidole.

"Amepita mia," Gundi akaninong'oneza. "Nimemsikia."

Alikuwa amepita. Alipita mia na hamsini. Alifika mia mbili, akaweka kijiti cha pili, akaendelea. Mhandisi alihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Chai yake ilipoa. Alipofika mia tatu, kidole kikanyanyuka.

"Shangazi," akasema, "nilisema macho yako yamechoka. Nilikosea. Koili zako hazikuwa na kosa."

"Sema kwa nguvu, baba. Masikio nayo yamechoka."

Alirudia, kwa nguvu. Gundi alicheka mpaka akamwaga chai. Shangazi akaitika kwa kichwa, mara moja, na kidole kikashuka tena kwenye waya. Akaanza moja.

Jumatatu iliyofuata nilivaa glavu za Gundi, zinazonifika kwenye kiwiko, nikagundisha spika yangu ya kwanza. Niliipindua, nikailaza kifudifudi, nikaisikiliza kana kwamba itasema kitu. Kisha nikachukua kipande cha ubao na rangi nyeusi, nikapanda kwenye stuli, nikakipigilia juu ya rafu ya kukaushia. Niliandika hivi:

"Spika hulazwa kifudifudi mpaka gundi ikauke. Sababu: ikilala chali, gundi hushuka shingoni na kukamata kitambaa, na spika hupata sauti ya bati. Imepimwa."

Chini yake nikaandika "Mpimaji", na bila kuulizwa na mtu, nikatia saini.